Kabla Sauti Haijaanza

Leo nazungumzia kompyuta isiyo na kioo. Mashine ni nzima, inaandika barua, inapiga hesabu, inafungua kurasa za intaneti na kutuma baruapepe, ila mezani hakuna monita. Kuna kisanduku cha kompyuta, kibodi na hedifoni, basi. Mwenye meza haoni, na hana haja ya kulipia kitu cha kutazama.

Swali la kwanza watu wanalouliza ni: anafanyaje kazi? Hilo lina jibu, tena jibu la miaka mingi, na nitalieleza. Linalonisumbua mimi ni jingine: nani aliyeiandaa hiyo mashine siku ilipotoka dukani? Maana kati ya kubonyeza kitufe cha kuwashia na kusikia neno la kwanza likitamkwa kuna kipindi cha ukimya. Anayeona hukipita bila kukifikiria. Anatazama alama ya kampuni, anasubiri, anachagua lugha, anaendelea. Asiyeona akikwama hapo, ujuzi wake wote wa kompyuta haumsaidii kitu. Atamwita mtu. Na mtu huyo ataitwa tena mashine ikigoma, ataitwa tena siku Windows ikihitaji kupigwa upya. Naamini kabisa kwamba uhuru wetu sisi tusioona mbele ya kompyuta unapimwa zaidi katika dakika hizo za mwanzo kuliko katika wepesi wa kuandika barua.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotokea ndani. Wengi wanadhani programu inayomsomea asiyeona inakitazama kioo kisha inasema inachokiona. Sivyo. Ndani ya kompyuta kila dirisha, kila kitufe na kila mstari wa maandishi hutunzwa kama maelezo: hiki ni kitufe, kinaitwa Hifadhi, hiki ni kisanduku cha kujaza jina, bado kitupu. Monita inayachora maelezo hayo, programu hiyo, iitwayo kisoma skrini, inayatamka, na vyote viwili vinachota kisima kimoja. Kwa hiyo ukichomoa waya wa monita, kisoma skrini hakipungukiwi na kitu. Hakikuwa kikikitegemea kioo hata jana.

Kipanya nacho kinawekwa kando, maana kipanya kinataka jicho la kulenga. Kila kitu kinafanywa kwa kibodi. Vidole vinajipanga kwa kupapasa vinundu viwili vidogo, kimoja kwenye herufi F na kingine kwenye J, vilivyopo karibu kwenye kila kibodi ingawa wengi wanaoona hawajawahi kuuliza ni vya nini. Tab inakupeleka kitufe kwa kitufe. Alt na Tab zinakuhamisha kutoka programu moja kwenda nyingine. Kwenye ukurasa wa intaneti, ukiwa na kisoma skrini kama NVDA, herufi H inakurusha hadi kichwa cha habari kinachofuata, K hadi kiungo, F hadi sehemu ya kujaza fomu. Aliyezizoea herufi hizo hasomi ukurasa toka juu mpaka chini. Anaruka moja kwa moja hadi anapopataka. Bila shaka, hiyo ni pale aliyetengeneza ukurasa alipovipa vitu vyake majina. Asipovipa, masikio yetu yanapokea "kitufe, kitufe, kitufe" mpaka mwisho wa fomu, na haijulikani kipi kinatuma maombi na kipi kinayafuta.

Sauti yenyewe inakwenda mbio. Kaa karibu na mtumiaji mzoefu, utasikia mtiririko ambao sikio geni halishiki hata neno moja. Ndiyo sababu wengi wetu tunaipenda sauti kavu ya kimashine kuliko sauti laini ya kibinadamu. Sauti ya eSpeak, mojawapo ya hizo kavu, haikurekodiwa neno kwa neno kinywani mwa mtu. Kwa sehemu kubwa inaundwa kwa hesabu, kwa hiyo hata ukiiharakisha vipi maneno hayapondeki, na inaitika papo hapo kidole kinapogusa kitufe. Jonathan Duddington aliianza Uingereza mwaka 1995 kwa ajili ya kompyuta za Acorn. Leo mrithi wake, eSpeak NG, anasema lugha na lafudhi zaidi ya 100, Kiswahili kikiwamo, na programu nzima ni ndogo mno.

Kwa muda mrefu kilichomzuia mtu wa kawaida kilikuwa bei. JAWS, kisoma skrini cha kulipia, ilianzishwa Marekani na Ted Henter, mwendesha pikipiki za mashindano aliyepoteza uoni katika ajali ya gari mwaka 1978. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1989, enzi za DOS, na imewapa watu wengi ajira, siwezi kuibeza. Lakini kwa miaka mingi leseni yake ilikaribia dola 1,000 za Marekani, yaani zaidi ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2006 kijana mmoja wa Australia asiyeona, Michael Curran, akaanza kuandika kisoma skrini cha bure. Akaungana na James Teh, naye haoni, ambaye walijuana tangu utotoni kwenye kambi ya muziki. Walichokitaka ni kwamba asiyeona asilipe zaidi ya anayeona ili kutumia kompyuta ileile. Hiyo ndiyo NVDA. Mpaka leo ni ya bure, imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 50, na inakaa hata kwenye flashi: unaichomeka kwenye kompyuta ya ofisini au ya mgahawa wa intaneti, unafanya kazi yako, unaondoka nayo.

Sasa tuingie kwenye ule ukimya wa mwanzo.

Kompyuta ya Windows 10 au 11 ikifika mahali pa kukuuliza nchi na lugha, shika kwa pamoja Ctrl, kitufe cha Windows na Enter. Narrator, kisoma skrini kinachokuja na Windows, kitaanza kusema. Hata unapopiga Windows upya kwa flashi, vitufe hivyohivyo vinaitika tangu toleo la mwishoni mwa 2017, mradi mashine iwe imekitambua kifaa chake cha sauti. Kwenye Mac ni Command na F5. Apple iliitia VoiceOver, kisoma skrini chake, ndani ya mfumo wake Aprili 2005, miezi michache tu baada ya kuanza kuuza Mac mini, kompyuta ndogo inayotoka kiwandani bila monita. Ukiviweka vitu hivyo viwili pamoja, unapata mashine inayonunuliwa bila kioo na kuandaliwa bila kioo.

Ila ninayoipenda zaidi ni Debian, mojawapo ya familia za Linux. Mashine yenye spika ya ndani ikiamshwa kwa flashi ya Debian inalia, mlio mfupi, kukuarifu kwamba menyu imefika. Hapo unabonyeza herufi S, kisha Enter, na baada ya muda sauti inaanza kukuuliza maswali ya usimikaji, moja baada ya jingine, mpaka mwisho. Mlio ule una heshima ndani yake. Aliyeuweka alikumbuka kwamba upande wa pili yupo mtu asiyeweza kuiona menyu ikitokea, na kwamba anachohitaji ni kujua tu lini abonyeze. Hakuna gharama hapo, wala teknolojia ya ajabu.

Bahati mbaya si kila mahali pana mlio. Shimo la kwanza ni sauti kwenda kusikotakiwa. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja. Ukichomeka monita, kompyuta yaweza kuamua kwamba sauti ipite huko, na kama monita haina spika, kisoma skrini kinasoma kila kitu kwa uaminifu ndani ya kifaa kisichosikika. Umevaa hedifoni, kimya, unadhani mashine imekufa. Asiye na monita ameepushwa na hilo. Shimo lake ni draiva za sauti, ambazo hupotea baada ya kupiga Windows upya au hata baada ya masasisho. Kwa hiyo nasihi kila asiyeona awe na kitu kimoja mfukoni: hedifoni za USB, au kile kiadapta kidogo cha USB unachochomekea hedifoni za kawaida. Vifaa vya namna hiyo hutambuliwa na Windows, Mac na Linux bila kusakinisha chochote, kwa hiyo unasikia hata kama sauti ya mashine yenyewe imelala. Hedifoni za bluetooth ziweke kwa ajili ya muziki; kuziunganisha kunataka mfumo uwe umeshaamka, na wewe unataka kusikia kabla ya hapo.

Shimo la pili ni BIOS, ile sehemu inayoamka kabla ya Windows au Linux. Huko kwa kawaida hakuna kisoma skrini. Kuiambia mashine ianze kwa flashi badala ya diski ni kazi ya sekunde chache kwa anayeona, na kwetu ni ukuta. Wengine tunakariri: bonyeza kitufe fulani mfululizo inapowaka, mshale wa chini mara mbili, Enter. Inakubali mpaka siku unapopata mashine ya kampuni nyingine, yenye menyu iliyopangwa vingine. Wengine wanaita msaada kwa simu kupitia Be My Eyes, huduma iliyobuniwa na Hans Jørgen Wiberg wa Denmark na kuanza kutumika mwaka 2015: mtu wa kujitolea anatazama kupitia kamera yako na kukusomea kilichopo mbele. Lakini wewe huna kioo. Kamera itatazama nini? Basi unaazima televisheni ya sebuleni, unaichomeka, unamaliza shida, unairudisha. Wajuzi zaidi wana kinasa picha cha HDMI, kifaa kidogo kinachoipeleka picha ya kompyuta moja ndani ya kompyuta ya pili, na hiyo ya pili inayatambua maandishi yaliyomo pichani na kuyatamka. Nawaheshimu sana waliobuni njia hiyo. Kinachoniuma ni kwamba inahitajika. Kompyuta zimekuwa zikilia kuashiria hitilafu, kabla mfumo haujaamka, tangu IBM PC ya mwaka 1981. Mashine inayojua kulia kwa ajili ya fundi ingeweza pia kutamka menyu fupi kwa ajili ya mwenyewe.

Lipo na jambo la mashine zinazolegea zikigundua kwamba hazina monita. Zinajipunguzia ukubwa wa skrini, programu nyingine zinakataa kufunguka, majibu yanachelewa. Dawa yake ni plagi bandia ya HDMI, kitu kidogo kisicho na waya ambacho ukikichomeka kompyuta inaamini kuna monita. Hakionyeshi chochote. Ni cha bei ndogo, na kimewaondolea watu mahangaiko mengi.

Nije kwenye pesa, maana nyumba zetu nyingi zinaanzia hapo. Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, iwe Kariakoo hapa Dar es Salaam au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, kompyuta mpakato yenye kioo kilichopasuka hushuka thamani kabisa. Muuzaji atakwambia, "Kaka, hiyo achana nayo, hiyo ni ya spea." Mwambie, "Sawa kaka, lakini niwashie, nina hedifoni zangu hapa." Subiri kidogo, bonyeza Ctrl, Windows na Enter. Ikisema, endelea kuikagua: pitisha vidole kwenye kila herufi usikie kama inatamkwa, chomeka kitu kwenye kila tundu la USB, iagize Narrator ikusomee hali ya betri, hakikisha diski ni SSD. Kisha zile pesa ambazo mwenzako angemlipa fundi kubadilisha kioo, wewe ongeza RAM. Mnunuzi anayeona hataki mashine ile, na wewe unaondoka na kompyuta yenye nguvu kuliko ambayo ungeimudu kwa njia nyingine.

Umeme pia. Monita ya kawaida ya mezani hula wati 20 hadi 30 hivi. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya Uingereza inayoenea kwenye kiganja, inatosheka na adapta ya wati 15. Kwa nyumba ya kijijini inayotegemea sola, tofauti hiyo ni saa za kazi baada ya jua kuzama. Tena Raspberry Pi inaandaliwa vizuri bila kuonwa: unaitengeneza kadi yake ya kumbukumbu kwenye kompyuta nyingine, unaweka jina la mtumiaji, nywila na Wi-Fi, kisha unaichomeka kwenye mashine na kuingia ukiwa mbali kwa maandishi matupu. Na maandishi matupu ndiyo chakula halisi cha kisoma skrini.

Halafu kuna siri ya mtu. Anayeona akiwa anasoma salio lake la benki, anajua nani amesimama nyuma ya bega lake. Sisi mara nyingi hatujui. Ndiyo maana NVDA tangu toleo la 2019.3, na VoiceOver pia, zina pazia la skrini: unabonyeza vitufe, kioo kinakuwa cheusi, kazi inaendelea masikioni. Ukiwa ofisini, mweleze mkubwa wako mapema, kwa sababu akipita na kukuta kioo cheusi atadhani umekaa bure. Asiye na monita kabisa hahitaji pazia. Barua yake ni yake.

Sasa Kiswahili. Ile sauti ya kwanza inayokupokea wakati wa kupiga Windows haiji kwa Kiswahili. Hakimo kwenye lugha za usimikaji wake. Fikiria mwanafunzi anayesoma nukta nundu kwa ufasaha, kichwa chepesi, aliyesomeshwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Amejifunza vitufe vyote, ameuvuka ukimya, sauti imekuja, na sauti hiyo inamhoji kwa Kiingereza cha kiofisi. Tena hata akivuka hapo, sauti ya Kiingereza ikikutana na maandishi ya Kiswahili inayavunjavunja. Jaribu kuisikiliza ikitamka ng'ombe au mbwa. Ukishaweka NVDA, chagua eSpeak, kisha sauti ya Kiswahili, na mara moja kila irabu inakaa mahali pake. Microsoft pia wana sauti nzuri mno za Kiswahili, Rehema na Daudi wa Tanzania, Zuri na Rafiki wa Kenya, zinazopendeza kwa makala ndefu. Ila hizo hutegemea intaneti, kwa hiyo haziwezi kukushika mkono mashine inapoamka mara ya kwanza. Ninaloliomba kwa watengenezaji wa mifumo ni dogo kuliko Rehema na Daudi: sauti kavu ya Kiswahili, ya hesabu, ndani ya flashi ya usimikaji. Ipo tayari. Haichukui nafasi.

Mengine tumeanza kuyatatua wenyewe. Tangu NVDA 2025.1, uwezo wa kuitawala kompyuta ya mbali umo ndani ya programu yenyewe; kabla ya hapo uliongezwa kando. Asiyeona wa Mwanza, kwa ridhaa ya mwenzake wa Mombasa, anabonyeza vitufe huku na kompyuta inatii kule, na sauti ya kule anaisikia huku. Hapahitajiki kioo upande wowote. Zamani hitilafu ilikuwa lazima isubiri mtu anayeona apate nafasi, pengine mpwa atoke shule, pengine jirani arudi kutoka kazini. Sasa fundi anaweza kuwa mmoja wetu, anayejua kwa kidole mahali hasa ulipokwama, asiyekwambia "niachie, nitakuwekea", bali "bonyeza Tab tena, umepita kidogo".

Nalisema hili kwa sababu ya shule. Nchini Kenya, taasisi ya inABLE iliyoanzishwa na Irene Mbari-Kirika mwaka 2009 imewapeleka watoto wasioona kwenye maabara za kompyuta, ikianzia Thika. Hapa kwetu zipo shule kama Buigiri kule Dodoma, na shule jumuishi katika mikoa mingi, ambako watoto hao wanaingia darasani kila asubuhi. Ombi langu ni kwa wanaoandika orodha za manunuzi. Mkiandika "seti" za kompyuta kwa darasa la wasioona, msiweke monita kwenye kila meza kwa mazoea. Wekeni kubwa, zenye ubora, kwa wanafunzi wenye uoni hafifu, maana wao wanazihitaji kweli, na moja kwa mwalimu. Zilizobaki zigeuzeni kuwa hedifoni za USB, kibodi imara, RAM, na akiba ya kutengeneza zitakazoharibika.

Na mzigo ukifika, maboksi wafungue wanafunzi. Wapapase waya, watafute tundu la umeme, wachomeke, wawashe, wabonyeze vitufe vyao vitatu. Mwalimu akae pembeni mpaka aitwe.